Ardhi na Kura: Tarehe ya Kiti cha Holmes

Barabara itokayo mji wa Lexington kwenda Tchula, katika wilaya ya Holmes, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, hupita kwanza juu ya vilima vyenye miti na mashamba madogo madogo, kisha kwa ghafula huteremka, na msafiri hujiona amefika katika nchi sawasawa kama mkeka, yenye udongo mweusi mzito ulioletwa na mafuriko ya mito kwa maelfu ya miaka. Mashariki ya wilaya hiyo umo mto Big Black, na magharibi umo mto Yazoo. Kati ya mito hiyo miwili, juu vilimani walikokaa wenye vishamba, na chini katika uwanda walikotawala matajiri wa pamba, yalipita mambo ambayo kila mtu apendaye kujua jinsi watu wa mashamba wanavyopata sauti katika baraza la sheria, wanavyonyang'anywa, na wanavyoirudisha, hana budi kuyatazama kwa makini.

Makala haya ni tarehe ya kiti kimoja tu. Mississippi, kama yalivyo majimbo mengine ya Marekani, ina bunge lake la kutunga sheria zake, mbali na bunge la taifa lililoko Washington. Nalo lina seneti ya watu 52 na baraza la wawakilishi la watu 122, wakutanao katika mji mkuu wa Jackson, ndani ya jengo lenye kuba lililofunguliwa mwaka 1903 juu ya kiwanja kilichokuwa zamani gereza. Kila mwakilishi hutumwa na eneo lake la uchaguzi. Maeneo ya mijini yana magazeti na wasemaji wengi. Maeneo ya mashambani aghalabu hayatajwi mpaka siku ya kuhesabu kura. Kiti cha Holmes ni kiti cha mashambani tangu asili yake, na kwa yakini yangu nguvu zake zilianza katika hati za ardhi kabla ya kuonekana katika sanduku la kura.

Kabla ya pamba, nchi ile ilikuwa milki ya Wachoctaw, waliolima mahindi na kuwinda katika misitu yake, na ambao waliondolewa kwa mikataba iliyofungwa chini ya shuruti, mmoja wa Doak's Stand mwaka 1820 na mwingine wa Dancing Rabbit Creek mwaka 1830, mpaka wengi wao wakahamishiwa ng'ambo ya mto Mississippi. Mwaka 1833 wilaya ya Holmes ilikatwa kutoka wilaya ya Yazoo, ikaitwa kwa jina la David Holmes, aliyekuwa gavana wa kwanza wa jimbo hilo, na Lexington ukafanywa makao ya serikali yake. Wenye mitaji walikuja na watumwa wao, misitu ikafyekwa, pamba ikapandwa, na baada ya miaka michache watumwa wakawa wengi kuliko mabwana. Hapo ndipo ulipoanza msiba wa uwakilishi wa Holmes: eneo lilipeleka wajumbe bungeni kwa fakhari ya utajiri wake, ilhali wale waliouchuma utajiri huo kwa mikono yao walihesabiwa katika daftari moja na nyumbu na majembe, wala hapakuwa na sheria iliyowatambua kuwa ni watu wenye neno.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa, ulifuata mwanga ambao haukudumu. Katiba mpya ya Mississippi ya mwaka 1868 iliwapa wanaume weusi haki ya kura, na matunda yake yalionekana upesi kuliko walivyotazamia marafiki na maadui: mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia Seneti ya taifa, na mwaka 1872 John R. Lynch, aliyezaliwa utumwani na ambaye umri wake haukufika miaka 30, alichaguliwa kuwa Spika wa baraza la wawakilishi la jimbo. Lakini wale waliozoea kutawala hawakukubali kutawaliwa, na katika uchaguzi wa mwaka 1875, kwa bunduki, kwa vitisho na kwa vifo, walijirudishia serikali.

Walilolifanya kwa bunduki mwaka 1875 walilihalalisha kwa kalamu mwaka 1890. Katika mwaka huo, jimbo ambalo zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa weusi liliitisha mkutano wa kuandika katiba, na katika mkutano mzima mjumbe mweusi alikuwa mmoja tu. Katiba iliyotoka humo haikutaja rangi ya mtu popote ilipozungumza juu ya kura, maana katiba ya taifa ilikwisha kukataza jambo hilo. Ila ilitegwa kwa ustadi kama mwindaji ategavyo njiani mwa paa. Mpiga kura alitakiwa alipe kodi ya kichwa ya dola 2 kila mwaka, na aonyeshe stakabadhi za miaka miwili iliyopita. Naye mkulima aliyekopa chumvi na unga mpaka mavuno hakuwa na dola 2 za kununua haki yake, na kama alizipata na kulipa, ilimpasa aihifadhi ile karatasi ndogo katika nyumba ya mbao inayovuja, kana kwamba ni hati ya nyumba. Tena alitakiwa aweze kusoma kifungu cha katiba, au akieleze akisomewa. Na aliyechagua kifungu, na aliyehukumu kama maelezo yanaridhisha, alikuwa karani mmoja wa mahakama ya wilaya, ambaye kifungu chepesi alikuwa nacho kwa ajili ya jirani yake mweupe, na kifungu kizito kwa ajili ya mwalimu mweusi mwenye shahada.

Matokeo yake hayahitaji maneno mengi. Kwa muda wa zaidi ya miaka 70 Holmes ilikuwa na wawakilishi bungeni ambao hawakuchaguliwa na sehemu kubwa ya watu wake, wala hawakuwahofu, kwa kuwa mjumbe humhofu yule tu anayeweza kumwondoa. Shule za weusi zilikuwa vibanda. Muhula wao ulifupishwa ili watoto wapatikane wakati wa kuchuma. Na barabara njema iliishia penye lango la tajiri.

Tukitaka kuelewa kwa nini watu walivumilia, yatupasa tutazame jinsi walivyolima. Baada ya utumwa, mashamba makubwa ya uwandani yaligawanywa vipande, na kila kipande akapewa mkulima kwa sharti la kugawana mavuno na mwenye ardhi. Mbegu zilitoka dukani kwa bwana, unga ulitoka dukani kwa bwana, na daftari la deni lilikuwa mkononi mwa bwana. Na pamba ilipopimwa mwisho wa mwaka, aghalabu mkulima aliambiwa kwamba amekaribia kumaliza deni lakini hajalimaliza. Nyumba aliyolala haikuwa yake. Mtu wa namna hiyo akienda mjini asubuhi kuomba kuandikishwa, jioni hukuta vyombo vyake vimetupwa barabarani. Wengi walichagua njia nyingine, wakapanda garimoshi la Illinois Central, lililopita katika mji wa Durant upande wa mashariki wa wilaya, wakaenda Chicago, na hawakurudi ila kwa mazishi.

Katika hali hiyo lilitokea jambo ambalo waliolifanya hawakuyatazamia matokeo yake. Wakati wa mashaka makubwa ya uchumi, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika la kuwasaidia wakulima maskini, na shirika hilo, karibu na mwaka 1940, lilinunua mashamba makubwa yaliyofilisika mahali paitwapo Mileston, kusini ya Tchula, likayakata viwanja, likajenga nyumba na mabanda, na likawauzia viwanja hivyo wakulima weusi wapatao familia mia moja, kwa mkopo wa muda mrefu wenye faida ndogo. Walikuwa na kiwanda chao cha ushirika cha kuchambua pamba, na duka lao la ushirika. Walilipa mwaka kwa mwaka, katika miaka ya mvua njema na ya mafuriko, mpaka mikopo ikaisha na hati zikawa mikononi mwao. Hapakuwa tena na bwana wa kuwafukuza, wala daftari la kuwafunga. Kwa macho ya mpita njia Mileston ilikuwa mistari ya pamba kama mistari mingine yote. Lakini kwa hakika ilikuwa kisiwa cha watu huru katikati ya bahari ya watu wenye madeni.

Miaka zaidi ya 20 ikapita. Mapema mwaka 1963, vijana wa chama cha wanafunzi cha kupigania haki za raia, kijulikanacho kwa herufi SNCC, walikuwa wakifanya kazi ya kuandikisha wapiga kura katika mji wa Greenwood, wilaya jirani ya Leflore. Wakulima wa Mileston walisikia habari zao, wakawafuata wenyewe na kuwaomba waje. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila mwandishi wa historia: hawakuamshwa na wageni, bali waliwaita wageni wawasaidie kazi waliyokwisha kuikusudia. Ulianza mkutano wa kila juma kanisani, na humo walijifunza vifungu vya katiba ya Mississippi, wazee kwa vijana, kama watoto wajifunzavyo chuoni.

Tarehe 9 Aprili 1963 watu 14 walitoka Mileston, wanaume kwa wanawake, wakapanda vilima mpaka Lexington. Jengo la mahakama limesimama katikati ya mji, na maduka yamelizunguka pande zote nne, hata mtu akipita kiwanjani huonekana na kila jicho. Waliacha magari yao mbalimbali, wakaenda kwa miguu wawili wawili, wakiacha nafasi baina yao, ili isije ikasemwa kwamba wamefanya maandamano. Mkuu wa polisi wa wilaya aliwakabili nje na askari wake, mkono wake ukiwa juu ya bastola, akawauliza ni nani atakayetangulia. Kimya kikatanda. Ndipo mkulima mmoja mfupi, mnene, mwenye umri wa makamo, jina lake Hartman Turnbow, akatoka katika safu, akasema kwamba yeye ndiye atakayetangulia, akaingia ndani. Siku hiyo hawakurudi na kura. Walirudi na jina. Mpaka leo katika Holmes wanatajwa kuwa Kumi na Wanne wa Kwanza, na karibu wote walikuwa na ardhi yao.

Haukupita mwezi, usiku, nyumba ya Turnbow ikatupiwa chupa za moto. Mkewe na binti yake walikimbilia nje; naye akachukua bunduki yake, akatoka, akawakuta watu wanampiga risasi, akawajibu kwa risasi mpaka wakakimbia. Kulipokucha alikamatwa yeye, akashitakiwa kwamba ameichoma nyumba yake mwenyewe. Pamoja naye alikamatwa Bob Moses, mwalimu wa hisabati kutoka New York aliyekuwa kiongozi wa SNCC katika Mississippi, aliyekwenda kutazama yaliyotokea. Wizara ya Sheria ya taifa iliingilia kati kwa kufungua kesi, na mashitaka yale yakaanguka. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulikumbuka jina la Moses, kwa kuwa mwaka 1969 alikuja Tanzania na mkewe, akafundisha hisabati huko Same, chini ya milima ya Upare, wakakaa mpaka mwaka 1976, kisha akarudi kwao na kuanzisha mpango wa kuwafundisha aljebra watoto wa maskini, mpango ambao baadaye aliupeleka Mississippi. Kwani aliamini kwamba mtoto asiyejua hesabu atanyimwa uraia kama babu yake alivyonyimwa kwa kutojua kifungu cha katiba.

Insafu yataka asisahauliwe mtu mmoja wa upande mwingine. Hazel Brannon Smith, mwanamke mweupe, alikuwa mwenye gazeti la Lexington Advertiser tangu mwaka 1943. Hakuanza kazi yake akiwa mpinzani wa ubaguzi. Lakini alikuwa na kanuni moja, kwamba sheria iwe moja kwa watu wote, na kanuni hiyo ilimpeleka mbali kuliko alivyotazamia. Alilaani maovu ya askari kwa watu weusi, akalaani kuchomwa kwa nyumba ya Turnbow, na kwa malipo yake wafanya biashara walimnyima matangazo, na gazeti jingine likaanzishwa ili limfilisi. Mwaka 1964 alipata tuzo ya Pulitzer kwa tahariri zake, mwanamke wa kwanza kuipata kwa kazi hiyo. Tuzo haikulipa madeni. Mnamo mwaka 1985 gazeti lilikufa. Mtu akiuliza ujasiri hugharimu kiasi gani, hesabu za gazeti hilo ni jawabu mojawapo.

Sheria ya Haki ya Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965. Iliondoa mitihani ya kusoma na kueleza, ikaruhusu maofisa wa taifa kuandikisha watu pale makarani wa wilaya walipokataa. Katika Mississippi nzima, watu weusi walioandikishwa kabla ya sheria hiyo walikuwa asilimia 6.7 tu ya waliostahili. Kufikia mwaka 1967 walikuwa asilimia 59.8. Hakuna hoja iliyobaki kwa wale waliokuwa wakisema kwamba watu weusi hawapendi kupiga kura.

Katika kijiji cha Ebenezer, upande wa vilimani, aliishi mwalimu aitwaye Robert Clark, aliyezaliwa mwaka 1928 katika aila iliyokuwa na ardhi yake. Alisoma chuo cha Jackson State, akapata shahada ya pili Michigan State, akarudi kufundisha nyumbani. Yeye alitaka jambo moja lisilo na kelele: madarasa ya watu wazima, ili wazazi waliofungiwa shule utotoni wajifunze kusoma. Wakuu wa elimu wa wilaya walilikataa ombi lake. Akasema basi atagombea yeye mwenyewe cheo cha ukuu wa elimu. Na kabla hajafanya hivyo sheria ikabadilishwa, cheo hicho kikawa cha kuteuliwa badala ya kuchaguliwa. Waliomfungia mlango mdogo hawakujua kwamba wanamwonyesha mlango mkubwa: aligeuka akagombea ubunge, akiwa mgombea huru mwenye msaada wa chama cha Freedom Democratic, dhidi ya J. P. Love, mjumbe wa siku nyingi aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya elimu ya baraza.

Kampeni ilifanywa makanisani na vibarazani. Watu wa Mileston, waliokuwa na uzoefu wa miaka minne ya mikutano, walikuwa na orodha ya kila nyumba, na siku ya uchaguzi wa Novemba 1967 walikwenda kuwachukua wazee mmoja mmoja kwa magari yao. Clark alishinda kwa kura zilizozidi mia moja kwa kiasi kidogo tu. Kwa ushindi huo akawa mtu mweusi wa kwanza katika karne ya 20 kuingia katika bunge la Mississippi. Zingatia, msomaji, udogo wa idadi hiyo. Kura mia na kitu ni watu wa mitaa miwili ya mashamba. Kama ungaliziondoa kura za Mileston peke yake, historia ya jimbo zima ingaliandikwa vingine.

Januari 1968 aliapishwa. Katika ukumbi wa baraza, madawati yalipangwa kwa wajumbe wawili wawili, na kila dawati lilikuwa na viti viwili. Clark alipewa dawati, na kiti cha pili kikaachwa kitupu. Siku ya kwanza kikawa kitupu, na mwaka wa kwanza, na miaka iliyofuata. Hapana sheria iliyoandikwa kwamba pasikae mtu. Waliopita walikiona, wakaenda kuketi kwingine. Kwa miaka minane alikuwa mjumbe mweusi peke yake katika bunge lote, na mara nyingi aliposimama kuomba ruhusa ya kusema hakuonekana. Yeye hakujibu ghadhabu kwa ghadhabu. Alizisoma kanuni za baraza mpaka akazijua kuliko waliozitunga, akahudhuria kila kikao, akangoja. Na subira ya namna hiyo, isiyokuwa ya unyonge, ni silaha ambayo adui hana ngao yake.

Wakati huo vita vilikwisha kuhamia mahali pengine, navyo vilikuwa vita vya mipaka. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1964, katika kesi ya Reynolds iliyotoka jimbo jirani la Alabama, kwamba viti vya bunge vigawanywe kwa hesabu ya watu, kwani wajumbe huwakilisha binadamu, hawawakilishi miti wala eka. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini mikononi mwa wajanja hata haki huweza kupindwa. Bunge la Mississippi lilichora maeneo makubwa yenye wajumbe wengi pamoja, yakiunganisha wilaya na wilaya, hata jamii ya weusi iliyokuwa wengi mahali pamoja ikazamishwa ndani ya wingi mwingine, kama maji ya kisima yamwagwavyo mtoni. Kesi ya kulipinga jambo hilo ilifunguliwa mwaka 1965, ikapanda na kushuka mahakamani kwa miaka 14, na ni katika uchaguzi wa mwaka 1979 tu ambapo jimbo zima lilipigia kura maeneo ya mjumbe mmoja mmoja. Mwaka huo walichaguliwa wajumbe weusi 17 kwa pamoja. Kiti kitupu kando ya Clark kilikuwa kimekwisha kupata mwenyewe.

Nini alichokifanya mjumbe wa Holmes kwa sauti aliyoipata? Alirudi kwenye jambo lile lile lililomtoa nyumbani. Mwaka 1977 alifanywa mwenyekiti wa kamati ya elimu, yaani alikalia kiti cha yule aliyemshinda miaka 10 nyuma. Mississippi wakati huo haikuwa na shule za chekechea za umma, na sheria ya kuwalazimisha watoto kwenda shule ilikuwa imefutwa zamani, wakati wa hasira ya kupinga watoto weusi na weupe kusoma pamoja. Mwaka 1982, akishirikiana na Gavana William Winter, Clark aliongoza katika baraza upande wa Sheria ya Marekebisho ya Elimu, iliyoanzisha chekechea za umma katika jimbo zima na kurudisha lazima ya kusoma. Sheria hiyo haikuwa ya weusi wala ya weupe. Mtoto maskini wa kizungu katika vilima vya kaskazini aliipata faida yake sawasawa na mjukuu wa Kumi na Wanne. Ndivyo ilivyo desturi ya haki: anayeipigania kwa ajili ya watu wake, akiwa mkweli, huishia kuwapa na jirani zake.

Aligombea ubunge wa taifa mwaka 1982 na tena mwaka 1984, akashindwa mara zote mbili. Lakini mwaka 1986 mtu mweusi mwingine, Mike Espy, alipita katika njia aliyoifyeka, akakishinda kiti kile. Mwaka 1992 baraza ambalo lilimwacha peke yake dawatini lilimchagua kuwa naibu wa Spika. Alistaafu baada ya miaka 36, na Januari 2004 mwanawe, Bryant Clark, aliapishwa kukalia kiti hicho hicho, kiti ambacho sasa ni cha eneo la uchaguzi namba 47. Jengo moja la serikali huko Jackson lilipewa jina la mzee, la kwanza katika jimbo hilo kuitwa kwa jina la mtu mweusi. Mzee Clark alifariki dunia Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 96.

Mwisho wa tarehe hii hauna sherehe. Mashine ya kuchuma pamba, ambayo ilionyeshwa hadharani mwaka 1944 katika shamba moja karibu na Clarksdale, ilifanya kwa siku moja kazi ya mikono ya watu wengi, na watu ambao bwana alikuwa akiwazuia wasiondoke akaanza kuwahimiza waondoke. Mwaka 1940 Holmes ilikuwa na watu karibu 40,000. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 17,000. Kwa kuwa kila eneo la uchaguzi katika Mississippi sasa hutakiwa kuwa na watu kama 24,000, Holmes peke yake haitoshi tena kuwa eneo kamili, na kila baada ya miaka 10, daftari la sensa lifunguliwapo, mpaka wa kiti chake husukumwa kwenda kutafuta watu katika wilaya jirani. Waliozuiwa kupiga kura kwa kodi walishinda. Waliozamishwa kwa mipaka walishinda. Lakini hakuna mahakama iwezayo kumrudisha kijana aliyekwenda Chicago kutafuta kazi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Wako wanaosema kwamba kura ya Holmes ilitoka Washington, katika kalamu ya rais mwaka 1965. Kalamu ile ilikuwa na heri nyingi, na hapana anayeikana. Lakini ingalikuta nini huko Holmes kama isingaliwakuta watu waliokwisha kusimama? Watu wale walisimama kwa sababu walikuwa na mahali pa kukanyaga: nyumba ambayo hawakuweza kutolewa, shamba lililokwisha kulipiwa, kiwanda cha ushirika kisichompigia bwana magoti. Mwenye kutaka kuwapa watu wa mashamba sauti katika baraza lolote, katika nchi yoyote, asianze na sanduku la kura. Aanze kwa kuuliza ardhi wanayolima ni ya nani, na hati yake imo mkononi mwa nani. Hati za Mileston zilitangulia miaka 20 na zaidi, na kura zikafuata.